Ukocha wa matufe ya nyasini nchini Australia: kuanzia kibali hadi somo lako la kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu anayecheza matufe ya nyasini, mchezo ambao Australia nzima wanauita bowls, na sasa anataka kufundisha wengine akiwa na ithibati mkononi. Nawafikiria hasa wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia huku kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, wakakuta klabu ya mtaani ina uwanja wa nyasi zilizonyolewa hadi chini, wakaingia Ijumaa jioni kujaribu, na baada ya muda majirani wakaanza kuwaomba wawaonyeshe namna ya kushika tufe. Ukifika hapo, anza kufuata utaratibu. Kufundisha kwa kubahatisha kunaumiza magoti ya watu na kunawafukuza wanaoanza.

Nitapita haraka kwenye makaratasi na kukaa zaidi uwanjani. Makaratasi yana watu wa kukuelekeza. Kumtazama mtu akiviringisha tufe, ukajua useme nini na unyamaze lini, hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapokwama.

Ithibati inapima nini

Australia ina mfumo wa kitaifa wa ithibati za makocha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kila mchezo huuendesha kupitia shirikisho lake. Kwa matufe ni Bowls Australia, likishirikiana na vyama vya majimbo kama Bowls Victoria, Bowls Queensland na Bowls WA. Ngazi inayowafaa wengi ni ya kocha wa klabu, yaani mtu wa kuwapokea wanaoanza na kuwanoa wachezaji wa kawaida. Juu yake kuna kocha wa ngazi ya juu, anayeshughulika na wachezaji wa mashindano, mipango ya timu na maandalizi ya msimu. Hiyo iache kwanza. Mtu ambaye hajafundisha wanaoanza kwa misimu kadhaa hana cha kumwambia mchezaji wa jimbo.

Usidhani cheti hiki ni cha ubingwa. Bingwa wa klabu anaweza kushindwa tathmini, na mchezaji wa wastani akafaulu vizuri. Bingwa huviringisha kwa mazoea ya miaka, na ukimuuliza bega lake linafanya nini hana jibu. Mtathmini anaangalia kama mtu aliyekuja kwako ameondoka akijua kitu ambacho hakukijua, bila kuumia, na bila kuaibishwa mbele ya wenzake. Shika hilo, maana kila hatua inayofuata imejengwa juu yake.

Hatua ya 1: Jiunge na klabu, kisha uwe msaidizi

Kuwa mwanachama kamili wa klabu iliyosajiliwa na chama cha jimbo. Kuja kucheza miguu peku na marafiki wikendi hakutoshi. Mtafute mratibu wa makocha wa klabu, au kama hayupo, katibu, umwambie waziwazi kwamba unataka kupata ithibati. Omba uwe msaidizi kwenye masomo ya wanaoanza: kutandika mikeka ya kusimamia wakati wa kuviringisha, kukusanya matufe, kusimama upande wa jeki, yaani lile tufe dogo linalolengwa, na kuonyesha umbali kwa mikono.

Katika kipindi hicho cheza nafasi zote za timu ya watu wanne. Mchezaji wa kwanza ndiye anayeweka mkeka na kuviringisha jeki. Wa pili hujaza mapengo. Wa tatu hupima na kumshauri nahodha. Nahodha husimama upande wa jeki akiongoza, kisha huviringisha mwisho. Ukizoea nafasi moja tu utafundisha wote kana kwamba wanacheza nafasi hiyo.

Hatua ya 2: Kibali cha kufanya kazi na watoto

Fanya hili mapema, hata kabla ya kozi, maana majibu huchukua muda. Kila jimbo lina kibali chake. Victoria na New South Wales kinadumu miaka 5. Queensland wanakiita Blue Card na kinadumu miaka 3. Katika majimbo hayo matatu anayejitolea halipi ada. Ukianza kulipwa kwa ukocha, badilisha kibali chako kiwe cha anayelipwa. Usiendelee na kile cha kujitolea.

Jambo moja kwa waliofika kama wakimbizi: hakikisha majina yako yameandikwa kwa mpangilio uleule kwenye kila hati. Mkongomani mwenye majina matatu hujikuta hati moja imeweka jina la ukoo mbele, nyingine nyuma, na ombi linakwama hapo. Kama kuna tofauti, ieleze tangu mwanzo na uambatishe hati ya kuithibitisha.

Hatua ya 3: Masomo ya mtandaoni

Tume ya Michezo ya Australia ina kozi ya bure ya stadi za msingi za ukocha wa jamii. Inafundisha kupanga kipindi, kuwasiliana na kulinda usalama, na haihusu mchezo mmoja. Isome taratibu hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwa kuwa maswali ya mtathmini hutoka kwenye fikra zake. Pamoja nayo kuna masomo ya Sport Integrity Australia, taasisi iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2020, kuhusu ulinzi wa watoto, upangaji wa matokeo na dawa zisizoruhusiwa michezoni.

Wengi huruka hilo la dawa wakidhani ni la wakimbiaji. Lifikirie tena. Wachezaji wengi wa matufe ni watu wazima, na wapo wanaomeza vidonge vya presha vyenye dawa ya kuongeza mkojo. Dawa za kundi hilo zimo kwenye orodha ya zisizoruhusiwa wakati wote, katika michezo yote. Kwa mchezaji wa Jumamosi klabuni hili halina haja ya kumtia hofu. Kwa anayepanda kwenye mashindano ya jimbo au taifa, kazi yako ni kumwambia akague dawa yake kwenye Global DRO, tovuti ya kukagulia dawa za wanamichezo, na azungumze na daktari wake kuhusu kibali cha matumizi ya kitabibu. Kamwe usimwambie mtu aache dawa. Wewe ni kocha.

Hatua ya 4: Sheria na vipimo vya kuwa navyo kichwani

Sheria za mchezo hutolewa na World Bowls. Huhitaji kuzikariri kama mwamuzi, ila hizi zitaulizwa na wanafunzi siku ya kwanza. Uwanja wa kawaida wa nje una urefu wa mita 31 hadi 40 kwa mwelekeo wa mchezo, na hugawanywa katika rinki, yaani njia za kuchezea, zenye upana wa mita 4.3 hadi 5.8. Mkeka ni sentimita 60 kwa 36. Jeki ya nje ina kipenyo cha milimita 63 hadi 64 na uzito wa gramu 225 hadi 285. Tufe halizidi kilo 1.59. Jeki ikisimama chini ya mita 23 kutoka mstari wa mkeka, haihesabiki. Na wakati wa kuachia tufe, mguu mmoja, wote au sehemu yake, uwe juu ya mkeka, iwe umeukanyaga au uko hewani juu yake.

Kuhusu upogo, yaani ile tabia ya tufe kupinda, ueleze kwa ufupi na kwa usahihi. Zamani matufe yalitiwa madini mazito ya risasi upande mmoja. Siku hizi upogo unatokana na umbo lenyewe: upande mmoja umechongwa tofauti na mwingine, kwa hiyo tufe halina ulinganifu na huelemea upande mmoja linapozunguka. Likiwa na mwendo mkubwa linakwenda karibu moja kwa moja. Likianza kupoteza mwendo ndipo linapinda, na sehemu kubwa ya kupinda hutokea mwishoni mwa safari. Kila tufe lina alama ya duara kubwa ubavu mmoja na duara dogo ubavu wa pili. Duara dogo liko upande ambao tufe litapindia. Ukitaka lipite kulia kisha lirudi kushoto, duara dogo liwe kushoto. Basi. Usiongeze neno.

Kipimo kinachowachanganya wengi ni kasi ya uwanja. Huhesabiwa kwa sekunde ambazo tufe linachukua tangu kuachiwa hadi kusimama mita 27 hivi kutoka mstari wa mkeka. Uwanja wenye kasi una sekunde nyingi, na hapo wanafunzi hukunja uso. Waeleze hivi: nyasi zikiwa laini na kavu, tufe halipati kizuizi, kwa hiyo unalisukuma polepole nalo linatambaa muda mrefu kabla ya kusimama. Nyasi zikiwa nzito unalazimika kulipa nguvu, linaondoka haraka na kusimama haraka. Viwanja vingi vya Uingereza huwa na sekunde 10 hadi 12. Vya Australia mara nyingi 14 hadi 17. Na kwa kuwa tufe linapinda zaidi likiwa polepole, uwanja wa sekunde 16 unadai ulenge mbali zaidi pembeni kuliko wa sekunde 11. Mtu aliyefundishwa asubuhi, umande ukiwepo, akirudi alasiri jua likiwa limekausha nyasi, ataona mstari wake wa asubuhi haumfikishi popote. Asiposikia hilo kwako atadhani amesahau kila kitu.

Chukua saa ya simu, pima uwanja wa klabu yako asubuhi na jioni, uandike. Kocha asiyejua kasi ya uwanja wake anatoa ushauri wa uwanja mwingine.

Hatua ya 5: Jifunze kutazama kabla ya kusema

Hii ndiyo stadi inayotenganisha kocha na mchezaji mwenye maneno. Ifanyie mazoezi kwa wiki kadhaa ukiwa msaidizi, bila kumsahihisha mtu yeyote.

Simama kwanza nyuma ya mkeka, hatua chache, kwenye mstari ule anaoulenga mchezaji. Kutoka hapo unaona vitu vitatu tu: nyayo zake zinaelekea wapi, mabega yanaelekea wapi, na mkono unapita njia gani. Vyote vitatu vikielekea mahali pamoja, tufe litaanza safari vizuri. Kisha hamia ubavuni, upande wa mkono anaoviringishia. Kutoka hapo unaona urefu wa hatua, goti linavyokunjwa, mkono ulivyokwenda nyuma, na tufe linaachiwa kwa kimo gani kutoka kwenye nyasi. Usijaribu kuona vyote kwa mara moja. Chagua kimoja, tazama matufe matatu, ndipo uhamie kingine.

Kwa nini matatu? Tufe moja likienda vibaya, yaweza kuwa bahati. Matatu yakienda vibaya kwa namna moja, hiyo ni tabia, na tabia ndiyo inayofundishika. Matatu yakienda vibaya kila moja kwa namna yake, mtu huyo hajatulia miguu bado, na kumwambia lolote kuhusu mkono ni kupoteza muda wake.

Tazama pia anachofanya baada ya kuachia. Akinyanyua kichwa mara moja kufuata tufe, mwili wote unainuka nalo na mstari unaharibika. Akibaki chini kidogo, mkono ukiendelea mbele kuelekea alikolenga, yuko salama hata kama tufe limekuwa fupi.

Ukiweza, rekodi video fupi kwa simu, kwa ruhusa yake. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi, na iwe ya maandishi. Wachezaji wengi hawaamini goti lao halikunjiki mpaka walione wenyewe.

Hatua ya 6: Andika mpango na uendeshe somo

Mtathmini atataka mpango ulioandikwa. Ukurasa mmoja unatosha. Huu hapa wa dakika 60 kwa watu sita kwenye rinki mbili, ambao unaweza kuutumia kama ulivyo ukabadilisha baadaye.

Kabla hawajafika, kagua uwanja: kamba za mipaka hazijalegea, mtaro hauna kitu cha kukwaza, maji ya kunywa yapo, na kivuli kipo. Jua la Australia si la kuchezea; kofia na mafuta ya kinga ni sehemu ya vifaa. Panga matufe kwa ukubwa. Viatu viwe na soli bapa isiyo na kisigino.

Dakika 10 za kwanza ni za watu, siyo za matufe. Salimianeni, jueni majina. Kisha pita kwa kila mmoja pembeni umuulize taratibu kama ana tatizo la mgongo, goti, nyonga au bega. Usiulize mbele ya kundi zima; atasema hana. Waonye pia kuhusu vidole vya miguu, maana tufe likiponyoka likaangukia kidole huo ndio mwisho wa somo.

Dakika 5 za kuchagua tufe. Njia ya zamani ni kulizungushia mikono miwili, dole gumba kwa dole gumba na kidole cha kati kwa kidole cha kati. Vikigusana, ukubwa unafaa. Mimi nashauri uongeze jaribio la pili: alishike kwa mkono mmoja, auning'inize kando ya mwili, auzungushe mbele na nyuma. Likitaka kuponyoka, mpe dogo. Wanaoanza, wanaume hasa, huchukua kubwa mno. Kuhusu mshiko, waonyeshe miwili: wa vidole, dole gumba likiwa juu ubavuni, na wa kiganja, tufe likilala mkononi na dole gumba likiwa chini zaidi. Waache wachague wenyewe.

Kisha onyesha. Viringisha matufe matatu bila kusema neno. Hapa makocha wapya hushindwa kujizuia, wanaeleza huku wanaviringisha, na macho ya wanafunzi yanahama kutoka mkononi kwenda mdomoni. Ukimaliza, waulize: mmeona nini? Majibu yao yatakuonyesha nani ameona miguu na nani ameona mkono peke yake.

Dakika 15 zinazofuata waviringishe bila jeki. Ndiyo, bila jeki kabisa. Lengo ni waone tufe likipinda. Waviringishe kuelekea upande wa pili, mara mbili kulia, mara mbili kushoto, wakifuata kwa macho mahali linapoanza kugeuka. Jeki ikiwekwa mapema, mtu anayeanza huilenga moja kwa moja, tufe linapita mbali, na anahisi ameshindwa kwa kosa ambalo hakuelezwa.

Dakika 15 zingine, weka jeki mita 20 hivi. Hii ni chini ya kipimo cha mchezo, na ni sawa, kwa kuwa hamshindani. Weka koni ndogo pale tufe linapopaswa kupita kabla ya kugeuka, na umwambie asahau jeki, alipitishe karibu na koni. Mstari ukishakaa, toa koni. Nguvu ya kulifikisha huja yenyewe kwa marudio.

Dakika 10 za kucheza kweli, watatu kwa watatu, awamu mbili au tatu. Mtu asipocheza siku ya kwanza harudi ya pili. Dakika 5 za mwisho, kila mmoja aseme jambo moja atakalolikumbuka, nawe uandike.

Makosa utakayokutana nayo

Tufe linakwenda rinki ya jirani. Ameshika upogo kinyume. Hutokea kwa wakongwe pia, kwa hiyo lisichekwe. Mfundishe tabia moja: kila akishika tufe, kabla ya kukanyaga mkeka, aangalie duara dogo.

Tufe linadunda. Analiachia juu mno, na kila kishindo kinachimba nyasi. Mtunza uwanja atakuja kukusemesha. Chanzo mara nyingi ni goti la mbele lililonyooka. Mwambie aachie tufe kama mtu anayemsogezea mgeni sahani ya wali ng'ambo ya mkeka: chini, polepole, isimwagike. Kama goti lake haliruhusu kushuka, usimlazimishe. Kuna njia ya kusimama mguu wa mbele ukiwa tayari umetangulizwa, mkono wa pili ukiegemea goti, isiyodai hatua wala kupoteza mizani.

Matufe yote ni mafupi. Usimwambie atie nguvu. Atakaza bega na mstari utapotea. Mwambie mkono uende nyuma zaidi kidogo na hatua iwe ndefu kidogo. Mkono unaobembea hutoa kasi yake wenyewe.

Mkono unakatiza mbele ya mwili. Usiuguse mkono. Angalia nyayo. Karibu kila mara utakuta amesimama akitazama jeki badala ya kutazama mstari wa kulenga, na mkono unajaribu kurekebisha kosa la miguu. Geuza miguu, mkono utanyooka.

Kanuni moja kwa makosa yote: sahihisha kimoja kwa wakati. Ukimpa mtu maagizo matatu kwa tufe moja, hatatekeleza hata la kwanza. Na likienda vizuri, mwambie ni kitu gani hasa alichofanya. Kumwambia tu kwamba amepiga vizuri hakumsaidii kulirudia.

Kumfundisha aliyekuzidi umri

Wengi wetu tumelelewa kutomsahihisha mtu mzima mbele za watu, halafu ukocha huu unakuweka mbele ya mzee wa miaka 75 ambaye miguu yake imekaa vibaya. Malezi hayo usiyatupe, yatumie. Sogea karibu yake, ongea kwa sauti ya chini, anza kwa kuuliza: mzee, tufe hilo umelisikiaje likitoka mkononi? Mara nyingi atataja kosa mwenyewe, na kazi yako inabaki kukubaliana naye. Kama ni mama wa Kikongomani aliyezoea kuitwa mama, muite mama. Mwaustralia atataka umuite kwa jina lake la kwanza, na hakuna dharau ndani yake. Usimguse yeyote mkono au bega bila kuomba ruhusa kwanza, awe mkubwa au mdogo. Kwa watoto, usibaki peke yako na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, hata kwa dakika za kukusanya matufe.

Kwa wenye ulemavu mchezo huu una nafasi kubwa kuliko michezo mingi. Kuna kifaa kirefu chenye kishikio kinachobana tufe, kwa asiyeweza kuinama. Kinaruhusiwa mashindanoni kwa wanaokihitaji, kwa masharti ya chama husika. Mchezaji asiyeona huelekezwa na msaidizi kwa kutumia uso wa saa: jeki ni katikati, na tufe lililosimama nyuma ya jeki liko kwenye 12, lililo fupi liko kwenye 6, kisha umbali unatajwa. Ukimfundisha mzungumzaji wa Kiswahili, mkubaliane kabla ya kuanza kwamba mnataja namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, la sivyo tufe la mbele litasikika kama la nyuma.

Hatua ya 7: Tathmini

Utatazamwa ukifundisha watu halisi, kisha utaulizwa maswali. Njoo na mpango wako, koni, kamba ya kupimia, kalamu na chupa ya maji. Ukiona mpango haufai, kwa mfano wamekuja wanne badala ya sita au upepo umekuwa mkali, ubadilishe na useme kwa nini. Kubadilisha kwa sababu nzuri kunahesabiwa kuwa uwezo. Mwishoni utaulizwa ungefanya nini tofauti. Uwe na jibu la kweli, ukitaja mwanafunzi fulani na dakika fulani: labda uliona miguu ya mmoja imekaa vibaya ukachelewa kuigeuza, au ulizungumza sana wakati wa kuonyesha. Ukiambiwa urudie sehemu, omba maelezo kwa maandishi, endelea kusaidia klabuni, urudi.

Ukishapewa ithibati, muulize katibu wa klabu kwa maandishi kama bima inakuhusu unapofundisha, na kama inakuhusu nje ya uwanja wa klabu, kwa mfano shuleni.

Walio nje ya Australia

Kwa walio Uingereza, upande wa England mafunzo ya makocha yanasimamiwa na Coach Bowls, na kibali cha kufanya kazi na watoto huko ni ukaguzi wa DBS. Kenya mchezo huu upo tangu zama za ukoloni na wachezaji wake wamekwenda Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako matufe yamechezwa tangu 1930, isipokuwa Kingston mwaka 1966. Aliye Nairobi aanzie kwenye klabu yenye uwanja na awaulize viongozi wa chama cha taifa kuhusu kozi. Mkenya mwenye cheti cha kwao akihamia Australia, awaletee Bowls Australia cheti hicho na kumbukumbu za alichofundisha, aombe vitambuliwe, badala ya kuanza moja bila kuuliza.

Kuilinda ithibati

Ithibati ina tarehe ya kuisha, nayo inahuishwa kwa kuonyesha kwamba umeendelea kufundisha na kujifunza. Kwa hiyo fungua daftari siku uliyopata cheti. Kila somo liwe na mstari wake: tarehe, saa ngapi, watu wangapi, kasi ya uwanja siku hiyo, jambo ulilofundisha, na nani alikuwa na shida gani. Mratibu asaini kila mwezi, kwa sababu kukusanya saini za miaka iliyopita ni kazi ngumu na viongozi wa klabu hubadilika. Weka tarehe ya kuisha ya ithibati na ya kibali cha watoto kwenye kalenda ya simu, zikukumbushe miezi mitatu kabla. Ni tarehe mbili tofauti, na moja ikipita, nyingine pekee haikuruhusu kusimama mbele ya watoto.